Kwa nini kolisini huua bakteria wa jamii ileile na kuwaacha wengine?

MwalimuWaBaiolojia

Habari zenu wanajukwaa. Ninafundisha baiolojia kidato cha tano na cha sita, na mada ya bakteria imetufikisha mahali ambapo kitabu cha kiada kinakomea. Nimewaeleza wanafunzi kwamba baadhi ya nasaba (aina ndogo ndani ya spishi moja) za Escherichia coli, bakteria wa utumboni, hutengeneza protini zinazoitwa kolisini, na kwamba protini hizo huua nasaba nyingine za Escherichia coli pamoja na ndugu zake wa karibu kama Shigella, lakini haziwadhuru bakteria wa mbali kama Staphylococcus hata wakiwekwa kwenye sahani moja. Baada ya hapo wameniuliza maswali matatu ambayo ningependa kuyajibu kwa uhakika.

La kwanza, ni nini hasa kinachoifanya protini hii ichague, ilhali dawa kama tetrasaiklini huwakumba bakteria wa kila namna? La pili, bakteria anayeitengeneza anasalimikaje, ikiwa yeye mwenyewe ni wa jamii ileile inayouawa? La tatu, ambalo ndilo lililonikwamisha zaidi, ikiwa silaha hii ni kali kiasi hicho, kwa nini hakuna nasaba moja yenye kolisini iliyokwisha kuwamaliza wenzake wote na kubaki peke yake kwenye utumbo?

Naomba maelezo ya kina, kwa kuwa wanafunzi hawa hawaridhiki na jibu la mstari mmoja, na mimi pia siridhiki nalo.

MtafitiProtini

Shikamoo mwalimu. Swali la kwanza na la pili nitayajibu kwa pamoja, kwa sababu majibu yake yote mawili yamo ndani ya umbo la protini yenyewe. Nitachukua kolisini E9 iwe mfano, kwa kuwa ni miongoni mwa zilizochunguzwa kwa kina zaidi.

Escherichia coli amezungukwa na tando mbili, na ule wa nje umeumbwa kuzuia molekuli kubwa zisipite. Una vijitundu vya protini vinavyopitisha sukari, chumvi na dawa zenye molekuli ndogo, lakini kolisini E9 ina asidi za amino (vipande vinavyojenga protini) takriban 580, na ikiwa imejikunja katika umbo lake la kawaida haiwezi kupenya humo. Kwa hiyo inaingia kwa mlango ambao seli yenyewe imeujenga kwa ajili ya chakula. Juu ya utando wa nje kuna protini inayoitwa BtuB, ambayo kazi yake ni kunasa vitamini B12 na kuiingiza ndani. Sehemu ya katikati ya kolisini imechongeka kiasi cha kushikamana na BtuB kwa nguvu kubwa.

Ikishashikamana hapo, ncha yake ya mbele, ambayo haina umbo thabiti bali inaning'inia kama uzi, hutafuta kijitundu cha jirani kiitwacho OmpF, hupenya ndani yake hadi kwenye nafasi iliyo kati ya tando mbili, na huko hushika protini iitwayo TolB. Protini za Tol ni mfumo ambao seli huutumia kuushikilia utando wake wa nje, hasa inapogawanyika, na mfumo huo hupata nishati kutoka kwenye utando wa ndani. Kolisini ikishanasa hapo, nguvu za seli inayoshambuliwa ndizo zinazotumika kuivuta ndani. Mwishowe sehemu ya nyuma, ambayo ni kimeng'enya cha kukata DNA, hufika ndani ya seli na kuanza kuikata DNA ovyo. Hesabu za vifo zilizofanywa tangu miaka ya 1950 zinaonyesha kwamba molekuli moja ikifanikiwa kuingia inaweza kutosha kuua seli nzima.

Sasa mwalimu, hesabu masharti yanayotakiwa kutimia: kuwe na BtuB yenye umbo linalofaa, kuwe na OmpF, na kuwe na TolB inayoweza kunaswa. Staphylococcus hana utando wa nje kabisa, kwa hiyo hata hatua ya kwanza haipo kwake. Bakteria wengine wenye tando mbili wanaweza kuwa na protini ya kunasa vitamini B12, lakini umbo lake limetofautiana kiasi kwamba kolisini haiishiki. Wanaotimiza masharti yote ni wale waliorithi protini hizo kutoka kwa babu wa karibu. Tetrasaiklini ni tofauti, kwa sababu ni molekuli ndogo inayopita kwenye tando za bakteria wengi, na inalenga ribosomu (mtambo wa seli wa kutengeneza protini), ambayo kila bakteria anayo na ambayo haijabadilika sana kutoka spishi hadi spishi.

Kuna jambo ambalo ningependa wanafunzi walione hapa. Mlango unaotumiwa ni mlango wa chakula. Kolisini za kundi la E huingia kupitia BtuB. Kolisini B na D huingia kupitia FepA, ambayo hunasa kemikali zinazobeba madini ya chuma. Kolisini M huingia kupitia FhuA, ambayo nayo ni ya madini ya chuma. Bakteria anayeshiriki nawe mlango wa chuma ndiye anayegombea nawe chuma hichohicho, katika utumbo huohuo. Ndiyo maana mimi sioni uchaguzi huu kuwa udhaifu wa kolisini. Kumuua bakteria wa mbali asiyekula unachokula kungekuwa gharama isiyo na faida.

Kuhusu kusalimika kwa mtengenezaji: jeni la kolisini E9 liko kwenye plasmidi, yaani duara dogo la DNA lililo kando na kromosomu, na mara tu baada yake, kwenye plasmidi hiyohiyo, liko jeni la protini ndogo ya kinga inayoitwa Im9, yenye asidi za amino 86. Kila kolisini inapotengenezwa, Im9 huishika papo hapo, kabla haijapata nafasi ya kugusa DNA ya mwenyeji. Mshikamano wao ni kati ya mishikamano ya protini kwa protini yenye nguvu zaidi iliyowahi kupimwa, kwani ili nusu ya jozi hizo ziachane, mkusanyiko wake katika maji unapaswa kushuka hadi takriban moli 10⁻¹⁴ kwa lita. Cha kuvutia ni kwamba Im9 haizibi mahali penyewe panapokata DNA. Inakaa pembeni kidogo, na kwa kukaa hapo inaizuia DNA isisogee. Kolisini hutoka kwenye seli iliyoitengeneza ikiwa bado imefungwa na Im9, na inapoingia kwenye seli ya adui Im9 huvuliwa, kimeng'enya kikabaki huru.

Kinga hii ni ya jozi kwa jozi. Im2, ambayo ni kinga ya kolisini E2 na inafanana sana na Im9, nayo hushika kolisini E9, lakini kwa udhaifu wa takriban mara milioni moja, na hiyo haitoshi kumwokoa bakteria. Kwa hiyo nasaba mbili zenye kolisini za kundi moja zinaweza kuuana bila tatizo lolote.

MwalimuWaBaiolojia

Marahaba, na ninashukuru sana. Maelezo ya mlango wa chakula yamenifungulia mambo mengi. Nina swali dogo la nyongeza: umesema kolisini hutoka kwenye seli iliyoitengeneza ikiwa imefungwa na kinga yake. Ikiwa haiwezi kupita kwenye utando wa nje wa adui bila msaada, inapitaje kwenye utando wa mwenye nayo inapotoka?

MtafitiProtini

Inatoka kwa seli hiyo kufa. Kwenye plasmidi hiyohiyo, baada ya jeni la kinga, kuna jeni la tatu la protini ya kupasua, ambayo hudhoofisha tando za seli iliyoitengeneza hadi vilivyomo ndani vikavuja. Hii ndiyo sababu si kila seli hutengeneza kolisini kwa wakati mmoja. Kwa kawaida jeni hufungwa na protini iitwayo LexA, ambayo huondolewa seli inapohisi kwamba DNA yake imeharibika, na hata katika kundi lenye afya ni sehemu ndogo tu ya seli zinazofikia hali hiyo kwa wakati fulani. Seli hizo chache hufa, na ndugu zao pacha waliobaki, ambao wana plasmidi ileile na kwa hiyo kinga ileile, hunufaika na nafasi na chakula kilichoachwa na wapinzani. Katika maabara tukitaka kolisini nyingi kwa pamoja tunaongeza mitomaisini C, ambayo huharibu DNA na kuamsha jeni hilo kwenye seli nyingi mara moja.

Niongeze kwamba si silaha zote za namna hii hudai kifo cha mtengenezaji. Kuna protini fupi zaidi zinazoitwa maikrosini, ambazo zina mitambo maalumu ya kuzisafirisha nje na seli ikabaki hai.

IkolojiaYaVijidudu

Naomba nichukue swali la tatu, kwa sababu ndilo ninalolipenda kuliko yote, na jibu lake lilipatikana kwa majaribio.

Anza na usugu. Bakteria asiye na plasmidi anaweza kusalimika kwa mabadiliko ya jeni yanayoharibu BtuB au mojawapo ya protini za Tol, na mabadiliko hayo hutokea yenyewe katika kundi lolote kubwa. Lakini usugu huo unalipiwa. Aliyepoteza BtuB hawezi tena kunasa vitamini B12 ya kutosha, na Escherichia coli haitengenezi vitamini hiyo mwanzo hadi mwisho peke yake. Anaweza kuishi, kwa kuwa ana kimeng'enya cha pili cha kutengeneza methionini (mojawapo ya asidi za amino) kisichohitaji B12, lakini baadhi ya vyakula vinavyopatikana utumboni, kama ethanolamini, vinamshinda. Aliyeharibu mfumo wa Tol yuko pabaya zaidi, kwa sababu utando wake wa nje huvuja, na bakteria wa namna hiyo hufa wakikutana na chumvi za nyongo, ambazo utumboni hazikosekani.

Mtengenezaji wa kolisini naye ana gharama zake: anabeba plasmidi, na kila mara baadhi ya seli zake hufa ili kuitoa kolisini. Gharama hiyo kwa kawaida ni kubwa kuliko ya aliye sugu. Kwa hiyo tunapata watu watatu. Mtengenezaji humuua asiye na kinga. Asiye na kinga hukua haraka kuliko aliye sugu, kwa kuwa hana gharama yoyote. Aliye sugu hukua haraka kuliko mtengenezaji, na kolisini haimdhuru. Kila mmoja ana anayemshinda na anayemshinda yeye, kama katika mchezo wa mikono wa jiwe, karatasi na mkasi.

Mwaka 2002 Benjamin Kerr, Margaret Riley, Marcus Feldman na Brendan Bohannan walichapisha katika jarida la Nature jaribio lililowaweka pamoja nasaba tatu za Escherichia coli za namna hiyo. Walipowakuza kwenye chupa inayotikiswa, ambamo kila seli hukutana na kila nyingine, wasio na kinga walitoweka kwanza, kisha watengenezaji wakazidiwa, na waliobaki walikuwa sugu peke yao. Lakini walipowakuza juu ya agari (jeli ya kukuzia bakteria) kwenye sahani, na kila walipohamisha kizazi kwenda sahani mpya wakahifadhi mpangilio wa nani yuko wapi, wote watatu waliendelea kuwepo. Mapambano yalibaki mipakani, mahali ambapo kundi moja linagusana na lingine, na mipaka hiyo ilisogea polepole: watengenezaji wakiwasukuma wasio na kinga, sugu wakiwasukuma watengenezaji, na wasio na kinga wakiwasukuma sugu.

Kwa hiyo jibu la wanafunzi wako, mwalimu, linategemea mahali. Katika uji unaokorogwa daima, mshindi mmoja hupatikana, na cha kushangaza si yule mwenye silaha. Mahali penye mpangilio, na ute wa ukuta wa utumbo ni mahali pa namna hiyo, hakuna anayewamaliza wenzake. Mwaka 2004 Benjamin Kirkup na Riley walionyesha kwamba mzunguko wa namna hiyohiyo huonekana pia ndani ya utumbo wa panya walio hai, na kwangu mimi hilo lina uzito kuliko sahani yoyote.

Kuna jambo moja zaidi ambalo huwa linasahaulika. Kolisini inayovuja kutoka kwenye seli moja hupungua nguvu kadiri inavyosambaa. Mtengenezaji aliye peke yake katikati ya umati wa wasio na kinga hawezi kuwadhuru kwa kiasi cha kumfidia, ilhali kundi la watengenezaji waliosongamana hujaza eneo lao lote sumu. Ndiyo maana silaha hii husaidia zaidi kulinda eneo ambalo tayari limeshikwa kuliko kuvamia eneo jipya.

FundiWaMaabara

Nimefuatilia mjadala huu kwa makini, na ningependa kuongeza upande wa mikono, kwa kuwa mwalimu anaweza kutaka kuwaonyesha wanafunzi ushahidi wenyewe.

Njia ya zamani, ambayo bado inatumika, ni kupanda nasaba inayoshukiwa kuwa mtengenezaji kama doa katikati ya sahani, kuiacha ikue usiku kucha, kuiua kwa mvuke wa klorofomu, kisha kumwaga juu yake tabaka laini la agari lililochanganywa na nasaba isiyo na kinga. Siku inayofuata sahani yote huwa na ukungu wa bakteria isipokuwa duara safi kuzunguka doa. Hapo wengi husimama na kusema wameona kolisini, lakini duara safi peke yake halithibitishi, kwa sababu linaweza kusababishwa na asidi au na virusi vya bakteria.

Kuondoa shaka hiyo kuna vipimo viwili ambavyo ninavipenda kwa urahisi wake. Cha kwanza ni kudondosha tone la tripsini, kimeng'enya kinachosaga protini, kando ya doa kabla ya kumwaga tabaka la juu. Ikiwa kinachoua ni protini, duara litaliwa upande ule wa tone na kuwa kama mwezi uliomegwa. Ikiwa ni asidi, duara litabaki zima. Cha pili ni kuzimua kioevu kinachoua mara kumi, mara mia, mara elfu, na kudondosha kila kipimo juu ya bakteria wasio na kinga. Kolisini inapozimuliwa, eneo safi hufifia lote kwa pamoja, likawa na ukungu zaidi na zaidi hadi likapotea. Virusi vinapozimuliwa, eneo safi huvunjika na kuwa vitundu vidogo vinavyohesabika, kila kimoja kikiwa safi kabisa, kwa sababu kila kirusi kimoja kimezaliana mahali pake. Kolisini haizaliani.

Tofauti hii ilikuwa muhimu tangu mwanzo kabisa. André Gratia wa Ubelgiji, aliyeripoti mwaka 1925 kwamba nasaba moja ya Escherichia coli hutoa kitu kinachoua nyingine, alikuwa pia mtafiti wa virusi vya bakteria. Baadaye Pierre Fredericq alizipanga kolisini katika makundi kwa kuangalia bakteria sugu: aliyekuwa sugu kwa kolisini moja ya kundi alikuwa sugu kwa zote za kundi hilo, kwa kuwa mlango wao ni mmoja. Kwa hiyo mwalimu, wanafunzi wakiuliza maana ya jina E9, herufi inaeleza mlango na namba inaeleza kinga.

Naomba tu kwamba shuleni usitumie klorofomu wala bakteria waliotoka kwenye choo au maji machafu. Tafuta nasaba ya maabara isiyo na madhara kutoka chuo kikuu kilicho karibu, na uwaombe wakuandalie kioevu cha kolisini kilichokwisha kuchujwa. Jaribio la tripsini na la kuzimua yote mawili yanawezekana kwa kioevu hicho, bila mtengenezaji aliye hai.

Hospitalini silaha hizi zilikuwa na matumizi ambayo vijana wa leo hawayajui. Kabla ya mbinu za kusoma DNA kuenea, nasaba za bakteria Pseudomonas aeruginosa zilizoonekana kwenye vidonda vya wagonjwa zilitofautishwa kwa kupima zinaua zipi kwa protini zao, ziitwazo payosini, na kwa njia hiyo ikajulikana kama wagonjwa wawili wa wodi moja wameambukizwa kutoka chanzo kimoja au la.

DaktariWaMifugo

Ndugu zangu, nina swali kwa MtafitiProtini. Ikiwa protini hizi huchagua kiasi hicho, je, haziwezi kutusaidia pale ambapo dawa za kawaida hazifanyi kazi tena? Ninakutana na ndama wenye kuhara ambao Escherichia coli wao hawasikii dawa tatu au nne kwa pamoja.

MtafitiProtini

Daktari, swali lako ni la msingi, na ningependa nisikupe matumaini yaliyozidi ukweli.

Mfano unaotajwa mara nyingi ni wa naisini, inayotengenezwa na Lactococcus lactis, bakteria wa maziwa. Ina asidi za amino 34 tu, ilikubaliwa na kamati ya pamoja ya FAO na WHO mwaka 1969 kama kihifadhi cha chakula, na kwenye vifurushi vya jibini huandikwa E234. Lakini naisini hailengi ndugu wa karibu peke yao. Hushika lipidi II, malighafi ya ukuta wa seli, na kwa hiyo huwaua bakteria wengi wasio na utando wa nje. Kwa Escherichia coli wa ndama wako haisaidii, kwa sababu utando wa nje unaizuia isiifikie lipidi hiyo.

Kilicho karibu zaidi na shida yako ni nasaba ya Escherichia coli ambayo Alfred Nissle aliitenga Ujerumani mwaka 1917, kutoka kwa askari ambaye hakuugua wakati wenzake wakihara, na ambayo inauzwa hadi leo kama bakteria wa kunywa. Haitengenezi kolisini, bali maikrosini mbili, M na H47, ambazo huingia kwa adui kupitia milango ya madini ya chuma. Mwaka 2016 ilionyeshwa kwenye panya kwamba, utumbo unapovimba na chuma kikawa adimu, maikrosini hizo huisaidia kuwapunguza Salmonella na Escherichia coli wengine. Uadimu wa chuma ndio unaolifanya hilo liwezekane, kwa sababu bakteria wanaokikosa huongeza milango ya kukinasa, na kila mlango ulioongezwa ni njia ya maikrosini.

Vikwazo viko viwili. Protini inayomezwa husagwa tumboni kama protini nyingine yoyote, na kwa hiyo ni bora ipelekwe na bakteria aliye hai anayeitengeneza huko huko utumboni. Pili, kwa kuwa kila kolisini au maikrosini inategemea mlango mmoja, usugu hutokea haraka kwa mabadiliko ya jeni moja. Ndiyo maana wanaofanyia kazi jambo hili huchanganya zinazotumia milango tofauti, kwa mfano ya BtuB pamoja na ya FepA, ili aliyepoteza mmoja akutane na nyingine. Kwa ndama wa leo, daktari, bado ningeanza na kolostramu (maziwa ya kwanza ya mama) ya kutosha katika saa za kwanza na kipimo cha usugu kabla ya kuchagua dawa.